Mama wa Maji ya Moto

Hakuwa mtu wa kukaa. Ukimsogezea kiti angesema ahsante mama, angekiweka pembeni taratibu na kuendelea kusimama, kana kwamba kiti kimeletwa kwa ajili ya mkoba wake. Kanisani alisimama nyuma karibu na mlango. Nyumbani kwangu Midrand alikunywa chai ameegemea sinki, akipuliza kikombe na kutusimulia mambo ya mjini. Siku nilipomuuliza alinijibu, "Mi nikikaa, mikono inalala." Nikalipenda jibu hilo, nikawa nalirudia kwa watu. Niliamini ni maringo ya fundi anayejua thamani yake.

Jina lake sitalitaja. Habari zake nyingi ni za chini ya kitovu, na ana wajukuu wanaojua kusoma. Wakongo wenzake walimwita Mama wa Maji ya Moto. Sisi wa nyumbani kwangu tulimwita Mkandaji, maana kazi yake ilikuwa kukanda watu, na hakuwa na nyingine.

Mimi mwenyewe ni mtu wa aibu, na ni bora niseme mapema. Nimekulia Morogoro kwenye nyumba ambayo nguo za ndani zilianikwa chini ya kanga ili hata jua lisizione. Nimeolewa na mtu wa Afrika Kusini aliyezaliwa hukohuko kwetu, mtoto wa wakimbizi wa siasa, na baadaye nikamfuata Johannesburg. Nilipomzaa Sipho, mwezi wa saba mwaka 2016, hospitali ilinishona, ikanipa vidonge, ikanirudisha nyumbani kwenye baridi ile kavu inayopasua midomo. Mama yangu mzazi alikuwa mbali. Nilidhani nitajikunja kitandani mpaka nipone, bila mtu kuniona.

Mama mkwe ndiye aliyekataa. Yeye alimzaa mume wangu Morogoro, na wanawake wa kule walimkanda kwa maji ya moto kama wanavyokandwa wazazi wote. Hakulisahau jambo hilo hata baada ya kurudi kwao. "Eish, mwanangu," aliniambia kwa Kiswahili chake cha zamani, "mimi mgeni walinikanda. Wewe mwenye mila utakaa hivihivi?" Akauliza kwa wasusi wa mjini, na wasusi wakamleta Mkandaji.

Aliingia na mkoba wa plastiki na taulo mbili. Nikamwamkia shikamoo, akacheka. "Shikamoo ni ya nini? Sema jambo. Maji iko wapi?"

Aliyejifungua akakandwa anajua ninachokisema, na asiyekandwa nitamweleza kwa kifupi. Maji huchemshwa mpaka mkono wa kawaida usithubutu kuyagusa. Taulo huchovywa, hukamuliwa, kisha hubandikwa tumboni, kiunoni, mgongoni, na mkandaji huweka uzito wake wote juu yake. Mzazi hulia, na kulia kwake hakusikilizwi. Baada ya maji huja mafuta, na hapo mkono hubadilika, hushuka polepole kutoka shingoni hadi kwenye nyonga, ukifungua kila mahali palipojikaza wakati wa uchungu. Mwisho tumbo hufungwa kwa kanga, kwa nguvu, ili mwili urudi mahali pake. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo Mkandaji alivyoamini kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua.

Siku ya kwanza nilishika kanga yangu kwa mikono miwili. Hakunilazimisha. Alisimama na taulo likitoa mvuke, akasema, "Pumua kwanza. Haya utasikia nyuma." Yaani nivute pumzi sasa, aibu nitaiona baadaye. Hilo alimwambia kila mtu, mwanamke na mwanamume, na nimelisikia likipita pazia la chumba chake mara nyingi sana. Kwangu halikufanya kazi. Nilivuta pumzi na aibu palepale, vyote kwa pamoja, huku nimefumba macho kama mtoto anayedhani hivyo haonekani.

Chumba chake kilikuwa Marshalltown, nyuma ya saluni ya kusuka, kwenye mtaa ambao juu ni ofisi za mawakili na chini ni wauza soksi na chaja za simu. Ukipita kwenye viti vya wasusi unafika kwenye pazia la kitenge, na nyuma yake kuna kitanda kimoja chembamba, jiko la umeme na sufuria. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kila kazi ina maumivu yake. Wasusi waliletwa na bega la kulia. Mafundi cherehani waliletwa na shingo. Walinzi walikuja na nyayo na vigimbi, na baadhi yao walilala usingizi yeye akiwa bado kwenye mguu wa kwanza.

Hakuwakanda wote namna moja. Msusi alimchua kwa mafuta ya mawese yaliyopashwa moto, kisha akamzungusha mkono taratibu mpaka uinuke wenyewe juu ya kichwa, na msusi angerudi kwenye kiti chake akisuka na kuimba. Fundi cherehani alimbinya kwa dole gumba chini ya fuvu, akalishikilia hapo bila kulisogeza, mpaka fundi mwenyewe aseme kichwa kimekuwa chepesi. Mlinzi alimkandamiza kwa kiwiko. Watoto wachanga aliwanyoosha kwa mafuta kidogo, mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha kinyume chake, na Sipho aliyekuwa akilia jioni nzima kwa tumbo la gesi alikuwa akijamba kama mzee na kulala. Lakini mguu mmoja ukivimba peke yake na kuwa wa moto, hakuugusa. Alikuwa akimfukuza mwenye mguu huo aende hospitali, tena kwa matusi, maana alichukia kumpoteza mteja.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa na mdomo. Alisimulia miili ya watu bila kutaja majina, lakini kwa namna ambayo ungejua tu ni ya nani. Alimwombea mtu huku akimkanda, na maombi yalipopamba moto mkono nao uliongezeka, mpaka wengine walimsihi asali kimya. Maumivu aliyoshindwa kuyaelewa aliyaita upepo, na upepo aliusukuma kutoka mgongoni kuelekea vidoleni kwa saa nzima. Alipenda wigi, na wigi likiteleza wakati wa kazi alilirudisha kwa kiwiko chenye mafuta, bila kukatisha maneno.

Kuna wakati alipata kazi Sandton, kwenye nyumba ya kukandia watu wa maofisini. Huko kulikuwa na mishumaa na sauti ya ndege kutoka ukutani, na mawe meusi yaliyopashwa moto na kupangwa mgongoni mwa mteja. Mawe aliyapenda. Alisema hata kwao wazee walitumia mawe, ila hakuna aliyewatoza watu kwa sababu ya mawe. Kilichomshinda ni mkono mwepesi. "Banataka upapase tu, kama unapangusa meza," alilalamika. Kwa maneno yake aliacha mwenyewe. Wasusi wanasema alifukuzwa, baada ya kumwambia mama mmoja mwenye cheo kwamba mgongo wake ni wa mtu asiyesamehe. Mimi naamini yote mawili.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Baada ya kujifungua mkojo ulikuwa ukinitoka. Nikikohoa unatoka, nikimnyanyua mtoto unatoka, nikicheka ndio basi. Sikumwambia mume wangu, sikumwambia mama mkwe, na daktari aliponiuliza kama kuna tatizo lingine nilisema hakuna, ninashukuru. Nilikuwa nikifua nguo zangu kabla watu hawajaamka. Nikaacha kucheka. Mume wangu akadhani nimemkasirikia, na nilimwacha adhani hivyo, kwa sababu hasira ina heshima kuliko nilichokuwa nacho.

Mkandaji aligundua kwa sababu nilikohoa akiwa amenishika kiuno. Mkono wake ukasimama. Nikasubiri aseme neno la mzaha, na nilijua ningekufa palepale juu ya mkeka. Badala yake alinifunika taulo vizuri, akaninong'oneza karibu na sikio ili mama mkwe aliyekuwa jikoni asisikie. "Hata bengine iko vile. Benyi banasema ni badogo, benyi banaficha ni bengi." Yaani wanaosema ni wachache, wanaoficha ndio wengi. Kisha akanifunga kanga kwa nguvu zaidi ya siku zote, akikaza kwa goti lake mgongoni kwangu. "Tutafunga mpaka itashika," alisema. "Usifungue hata ukilala."

Nikamtii. Nilifungwa hivyo miezi mingi, hata nilipokwisha kurudi kazini kwenye kampuni ya mizigo, hapohapo Midrand. Chini ya sketi nyeusi nilivaa pedi, na juu ya pedi nilivaa kanga iliyonikata pumzi. Hali ikazidi kuwa mbaya. Nilipomwambia kwamba inazidi alikaza zaidi, na mimi nikadhani tatizo ni mwili wangu wenye kiburi.

Nesi mmoja wa kliniki ya watoto ndiye aliyenitoa humo. Nilimwinua Sipho kwenye mizani, akaona sura yangu, akanivuta pembeni na kuniandikia niende kwa mtaalamu wa viungo wa hospitali. Nilikwenda nikiwa nimejifunika mtandio kama ninayekwenda kuiba. Nikamkuta dada mwembamba mwenye sauti ya chini, naye pia kazi yake ni ya mikono. Alinipapasa, akanieleza kwamba kuna misuli kule chini inayobeba kibofu na kizazi, na kwamba yangu imelegea lakini bado iko hai. Alinifundisha kuibana na kuiachia, kuibana na kuiachia, kama mtu anayejizuia haja kisha anaacha kujizuia. Halafu akaiona kanga. Akauliza ni ya nini. Nilipomweleza akasema kwa upole kwamba kuifunga ngumu namna ile kunasukuma uzito wote wa tumbo uende chini, palepale penye udhaifu. Kitambaa laini cha siku za mwanzo hakina neno, alisema, lakini huku ni kujikamua kama tyubu ya dawa ya meno.

Nikaifungua. Nikafanya mazoezi yake kwenye foleni, kwenye robot nikisubiri taa ya kijani, ofisini wakati wa vikao. Polepole nikaanza kushika. Siku moja mume wangu alianguka kwenye kiti cha mtoto kilichovunjika, nikacheka mpaka machozi, na nikabaki mkavu. Naye akanitazama kama aliyeletewa mgeni.

Nikaenda Marshalltown kumweleza Mkandaji. Nilikwenda na furaha, nakiri, na kidogo nilikwenda na mabega juu. Alikuwa akiwasha jiko lake. Nilimsimulia yote, mpaka ile ya kanga.

Kwanza alicheka. Kisha akaniambia nirudie. Niliporudia, alizima jiko.

"Unabana namna gani? Ukilala, ao ukisimama?"

Nikamweleza.

"Na utajuaje kama unabana fasi yenyewe, hubane matako tu?"

Nikamweleza na hilo, kwa sauti ya mwalimu.

"Na mutu mukubwa? Mutu alizala zamani. Naye inaweza kushika?"

Nikamjibu kwamba dada yule alisema hata bibi anaweza, ila itachukua muda zaidi. Nilidhani anauliza kwa ajili ya wateja wake. Akakunja taulo ambalo lilikuwa limekunjwa tayari.

"Sasa bale bamama nilifunga," alisema. "Bote bale. Nilibaharibisha?"

Nilisema si wote, wengine walipona, kukanda kwenyewe kulitusaidia, mgongo wangu ulipona kwa mikono yake na hilo ni kweli. Alinisikiliza, lakini alikuwa akimtazama mtu mwingine kichwani mwake. Kisha akasema amechoka, niende. Tangu siku hiyo hakufunga tumbo la mtu tena. Wasusi waliniambia kwamba mzazi akija, anamkanda, anamchua, anamfunika kitenge laini, na akiombwa afunge anasema hajui kufunga. Baadhi ya wazazi walimwona amezeeka wakatafuta mwingine. Mimi naye tukawa tunasalimiana kwa simu tu, maneno mafupi, kama watu waliovunja kitu pamoja.

Mwanzoni mwa 2019 alinipigia asubuhi. "Mama Sipho, leo hauende kazi. Kuja tukutane ku hospitali, pale kwa yule dada yako."

Nilimkuta kwenye ukumbi wa kusubiria, benchi limejaa nusu na yeye amesimama, mkoba mbele ya tumbo. Nikamwambia akae, mama, nafasi ipo. Akatikisa kichwa. Nikasisitiza, nikapangusa benchi kwa kiganja. Hapo akainama akasema karibu na sikio langu, "Nitaacha alama."

Nilielewa polepole, na nilivyoelewa uso wangu ukawaka moto. Chai zote zile kwenye sinki langu. Mlango wa kanisa. Aliendelea kunong'ona akitazama mbele, kwa haraka, kama mtu anayetua mzigo kabla hajabadili nia. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, akaacha kwa sababu kwaya yao inaruka. Bwana wake alihamia chumba kingine kwa sababu ya harufu, kisha nyumba nyingine. Aliponisikiliza mimi nyuma ya lile pazia alijifunza mazoezi yote kwa moyo, akayafanya peke yake usiku na mchana, lakini hakujua kama anayafanya sawa, na hakuwa na wa kumuuliza. Na kitambaa chake hakuweza kukiacha. Alijifunga mwenyewe kila asubuhi kabla ya kwenda kutufunga sisi, na bila kitambaa alijisikia anamwagika wote.

Niliona aibu ambayo sikuijua. Ile ya zamani ilikuwa ya mwili wangu, na mwili unaweza kuufunika. Hii ilikuwa ya kwamba mwanamke huyu alinigusa kila mahali, akanijua mpaka kikohozi changu, na mimi nilichojua juu yake ni wigi na maneno ya kuchekesha. Nikataka kumwomba radhi, nikaona nitamzidishia mzigo, nikaacha.

Tukaitwa. Dada alinikumbuka, akafurahi, akadhani mgonjwa ni mimi. Nikasema ni mama yangu. Lilinitoka lenyewe. Mkandaji hakuelewa Kiingereza changu, lakini aliona dada akinitazama mimi kisha yeye, akanivuta mkono.

"Mwambie ni wewe," alinong'ona. "Sema ni wewe imekurudilia. Mi nitasikiliza tu, nitashika kichwani."

Na ningeweza. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba ningeweza, na kwangu ingekuwa rahisi kuliko kutamka habari za mkojo wa mtu mzima anayelingana na mama yangu mbele ya binti wa watu. Nikafungua mdomo sijui nitasema lipi. Dada yule alisubiri. Mkandaji naye alisubiri, kisha akaachia mkono wangu.

"Hapana," alisema. "Hapana. Ni mimi."

Nikatafsiri. Dada akauliza tangu lini.

"Tangu mutoto wangu ya mwisho."

Nikatafsiri. Dada akauliza mtoto ana umri gani sasa, miezi mingapi, akiwa na kalamu mkononi. Nilipomgeuzia swali, Mkandaji alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyeshikwa.

"Mwambie iko na ndevu."

Dada aliweka kalamu chini. Hakusema lolote la huruma, na nilimpenda kwa hilo. Alinawa mikono, akamwonyesha Mkandaji kitanda, akavuta pazia nusu, akaniomba nibaki kwa sababu ya lugha. Mkandaji alianza kufungua kile kitambaa chini ya nguo yake, mzunguko baada ya mzunguko, na kilikuwa kirefu, na harufu ikaja pamoja nacho. Nikafanya nilivyofundishwa kwetu kufanya mkubwa anapovua nguo. Nikageukia ukuta. Kulikuwa na picha ya uti wa mgongo, nikaanza kuisoma.

Nilimsikia akipanda kitandani. Nilisikia karatasi ya kitanda ikitoa mchakacho chini yake. Dada akauliza kama yuko tayari, nikaliuliza swali hilo kwa Kiswahili nikiuelekea ukuta.

"Mama Sipho," alisema hatimaye.

"Naam, mama."

"Usigeuke ivyo. Bote baligeuka."

Nikageuka. Alikuwa amelala chali, wigi limeteleza hadi kwenye nyusi, na macho yake makubwa yakinitafuta. Uso wangu ulikuwa ukiwaka na sikuwa na pa kuuficha. Nikausogeza karibu na wake, nikamshika bega, na nikabaki nikimtazama muda wote dada alipokuwa akifanya kazi yake.